Barua ya Wazi kwa Bodi na Mkuu wa Chuo: Wafungulieni Viziwi Darasa la Michoro Mwendo

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo,
Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: VIJANA VIZIWI KUNYIMWA NAFASI KATIKA KOZI YA MICHORO MWENDO

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchoraji wa michoro mwendo, kazi ambayo sisi tunaoifanya tunaiita tu "moshen". Ni zile herufi zinazoingia zikiteleza taarifa ya habari inapoanza, ramani inayojaa rangi mkoa kwa mkoa usiku wa matokeo ya uchaguzi, tangazo la kutuma pesa kwa simu ambamo sarafu inaruka ukuta na kutua mfukoni mwa bibi kijijini, katuni ya kumfundisha mtoto kuhesabu. Nimeifanya Dar es Salaam kwa miaka kumi na moja. Mitatu kati ya hiyo nilifundisha chuoni kwenu nikiwa mwalimu wa muda, jioni na Jumamosi. Hatukugombana. Mkataba ulipofika mwisho niliomba usiongezwe, na sababu niliyoiandika siku ile ndiyo ninayoiandika leo, isipokuwa leo naiandika mbele za watu.

Hii ni barua ya nne. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono ofisi ya taaluma, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili nilimpelekea mkuu wa idara. Ya tatu niliielekeza kwa Bodi. Jibu nimepata moja tu, la mdomo, tena ukumbini wakati watu wanapita: "Suala lako linafanyiwa kazi." Miezi kumi na minne imepita na hakujaitishwa hata kikao kimoja. Jina la chuo silitaji. Ninyi mnajijua, na sitaki vyuo vingine vyenye kasoro hizi hizi visome barua hii vikidhani haviguswi.

Naomba mniruhusu nianze na habari ya mkono.

Miaka mitano iliyopita nilipewa kazi ya kutengeneza katuni ya dakika mbili kuhusu kipindupindu: chemsha maji, nawa kwa sabuni, funika chakula, wahi kituo cha afya. Mteja alitaka pembeni mwa kioo awepo mhusika anayefasiri kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, LAT. Fedha ya kumlipa mkalimani asimame mbele ya kamera haikuwapo, wakaona nimchore. Nikapewa video fupi ya alama, nikaifuata kwa macho. Nilimchora dada mwenye kilemba cha njano na, kama nilivyojifunza kwa wakubwa wa kazi hii, nikampa mkono wa vidole vinne, yaani vitatu na gumba. Katuni nyingi duniani zimechorwa hivyo kwa miongo mingi, kwa kuwa kidole kimoja kikipungua kazi nayo hupungua, na mkono haujazani.

Kabla ya kukabidhi kazi nikaipeleka kwa vijana viziwi waliokuwa wakikutana Jumamosi kwenye ukumbi mmoja Buguruni. Wakaitazama kimya. Kisha kijana mmoja wa miaka kama kumi na tisa, mchoraji wa mabango ya saluni za kiume huko Mbagala, akaomba simu yangu akaandika: "Huyu dada anasema nini? Mkono wake hauna kidole cha kusemea."

Akanipitisha kwenye katuni yangu mwenyewe, alama baada ya alama. Alama mbili zinazotofautiana kwa kidole kimoja nilikuwa nimezifanya kuwa moja. Nilikuwa nimechora michoro kama 12 kwa sekunde, kila mchoro ukikaa fremu mbili (fremu ni picha moja kati ya zile zinazopita kwa sekunde), kama tufanyavyo kuokoa muda; kwa hiyo mpito wa kutoka alama moja hadi nyingine ulikuwa umeliwa, na mpito ule ulikuwa sehemu ya maneno. Nyusi sikuzigusa kabisa, wakati nyusi ndizo zinazomwambia mtu kama anaulizwa au anaelezwa. Tabasamu nililompa mwanzoni alibaki nalo hadi mwisho. "Anasema watu wanakufa," yule kijana akaandika, "lakini amefurahi."

Tuliifanya upya pamoja. Hakuwa na kompyuta. Alichora kwa penseli, karatasi juu ya karatasi kwenye kioo cha dirisha mchana, mimi nikipiga picha kwa simu na kuzipanga usiku. Wanafunzi wanaosikia huwa nawafundisha kwa wiki mbili kwamba mwili hurudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele, kwamba mkono hauanzi wala hauishii kwa kasi ile ile, kwamba kitu kizito hukawia kuondoka. Kwake hayo sikuyafundisha. Alikuwa nayo tangu utotoni, maana ndiyo matamshi ya lugha yake. Mwaka 1960 William Stokoe, aliyekuwa akifundisha Kiingereza katika chuo cha viziwi cha Gallaudet huko Washington, alionyesha kwamba alama haiwi ishara tu ya kubahatisha, imejengwa kwa vipande: umbo la mkono, mahali unapowekwa, na mwendo wake. Umbo, mahali, mwendo. Ndivyo vitu vitatu ambavyo mimi hulipwa kuvipanga kila siku.

Ndugu viongozi, kijana huyo ameomba nafasi kwenu mara mbili. Mara zote mbili amekosa. Na baada yake nimewafahamu wengine watano. Malalamiko yangu ni haya.

1. Namna mnavyowaita waombaji

Fomu yenu ina sehemu ya kuandika ulemavu. Aliandika "kiziwi". Ofisi ya udahili ikampigia simu. Ikampigia tena. Ikapiga mara ya tatu kesho yake. Simu ilitetemeka juu ya kabati wakati yeye yuko juu ya ngazi anapaka rangi bango. Mama yake alipoipokea jioni na kupiga, akajibiwa kwamba nafasi imeshapewa mwingine. Kwenye orodha niliyoiona kwa macho yangu, mbele ya jina lake pameandikwa "hapatikani". Ujumbe mfupi wa maneno ishirini ungempata pale pale alipo, kwa sababu viziwi wa mjini wanaishi kwa ujumbe na simu za video kuliko sisi sote.

Mara ya pili nilimwandikia barua ya kumtambulisha. Akaitwa kwenye usaili, wa mdomo, na kuambiwa aje na mkalimani wake kwa gharama zake. Akaja na dada yake. Aliulizwa kama ataweza "mambo ya sauti". Alikuwa na daftari la michoro kwapani, kurasa zaidi ya mia moja. Hakuna aliyemwambia alifungue.

2. Namna tunavyofundisha

Nasema "tunavyofundisha" kwa kuwa nami nilifundisha hivyo hivyo. Mwalimu anazima taa ili projekta ionekane vizuri. Anakaa nyuma ya kompyuta, uso hauonekani. Anaongea huku kipanya kinakimbia: "ukishaweka fremu kuu hapa, nenda fremu ya kumi, sogeza, kisha fungua mkunjo wa kasi, vuta hivi." Anayesikia anatazama mshale na kusikiliza kwa pamoja. Kiziwi ana macho tu, na macho hayawezi kuwa kwa mkalimani na kwenye mshale wakati mmoja. Akimtazama mkalimani, mshale umeshapita. Akifuata mshale, maelezo yamepita. Na taa zikiwa zimezimwa, hata huyo mkalimani haonekani.

Kwa hiyo kumleta mkalimani darasani bila kubadilisha ufundishaji ni kutupa fedha. Nililijaribu hili na wale vijana sita, Jumamosi kumi na mbili mfululizo, sebuleni kwangu Tabata. Utaratibu tuliouona unafaa ni huu: eleza kwanza, mikono ya mwalimu ikiwa mbali na kipanya. Nyamaza. Onyesha polepole, bila neno. Simama. Ruhusu maswali. Onyesha tena. Taa moja ya mezani inammulika mkalimani, naye anakaa kando ya kioo upande ule ule, ili jicho lisafiri hatua ndogo. Vitufe ninavyobonyeza vinaandikwa vyenyewe chini ya kioo, kwa programu ndogo ya nyongeza ambayo haiuzwi. Wajomba zangu wawili wanaosikia waliojipenyeza kwenye madarasa yale walijifunza haraka kuliko wanafunzi wangu wa chuoni, maana mwalimu anayelazimika kunyamaza huwa anafikiri kabla ya kusema.

Video mnazowapa wanafunzi wakajifunzie nyumbani ni za Kiingereza na nyingi hazina maandishi chini. Hapo hawaumii viziwi peke yao. Msichana aliyetoka sekondari ya kata huko Kilindi naye anabaki nje.

Liko jambo moja ambalo sikulitarajia. LAT haikuwa na alama za istilahi za kazi yetu, au angalau sisi na mkalimani wetu hatukuzijua. Vijana wakazitengeneza. Kwa fremu kuu, yaani mchoro unaoanzisha au kumaliza mwendo, walichagua ngumi kugonga kiganja mara moja, kwa uthabiti. Kwa michoro ya katikati, ile inayounganisha fremu kuu mbili, vidole vinapita juu ya kiganja kama mtu anayepiga hatua. Kwa mkunjo wa kasi, ule mstari unaoonyesha mwendo unavyokaza au kulegea, kidole kinachora kilima hewani na uso unaonyesha kama ni cha kukaza au cha kulegeza. Katika Kiswahili bado tunabishana tuseme uhuishaji, vibonzo, katuni au animesheni. Wao walimaliza kwa Jumamosi mbili, wakairekodi kila alama kwa video na kuihifadhi. Kazi ya chuo ingekuwa hiyo.

3. Sifa za kujiunga

Mnadai ufaulu wa masomo manne Kidato cha Nne. Naelewa kwamba sifa hizo hamkuzitunga peke yenu. Lakini mnajua njia anayopita mtoto kiziwi hadi kufika huko. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza 1963, ya Buguruni 1974, na nyingine zikafuata, ila shule za msingi zenye walimu wanaojua alama ni chache, na za sekondari ni chache zaidi. Wengi hukaa nyumbani hadi umri umepita. Anayefika sekondari mara nyingi hukaa katika darasa la wanaosikia, mbele ya mwalimu asiyejua alama, kisha anafanya mtihani kwa Kiingereza, ambacho kwake ni lugha ya tatu. Alama F ya Historia ya kijana kama huyo inapima masikio yake. Haisemi lolote kama anaweza kuufanya mpira udunde.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika sekondari, ikikiri kwamba ufundi nao ni elimu kamili. Basi kozi ya ufundi wa kuchora impime mwombaji kwa kuchora. Kozi fupi za chuo, ambazo hazitoi cheti cha ngazi ya taifa, mnaziwekea masharti wenyewe. Hapo hamna wa kumsingizia.

4. Vifaa na programu

Mwanafunzi anatakiwa aje na kompyuta mpakato yenye kadi ya picha, na programu tunazofundishia ni za kulipia kila mwezi. Matokeo yake ni kwamba darasa zima linatumia nakala za wizi, walimu tukijua. Naandika hili kwa uzito: chuo kinamfundisha kijana taaluma na wizi katika somo moja.

Hakuna ulazima. Blender, programu ya kutengenezea katuni, ni huru na ya bure tangu 2002, baada ya watumiaji wake kuchanga euro 100,000 kwa wiki saba ili iachiwe huru. OpenToonz ni ya bure tangu 2016. Krita ya kuchorea ni ya bure. Filamu ya katuni kutoka Latvia iliyotwaa Oscar mwaka 2025 ilitengenezwa kwa Blender. Maabara yenu ina kompyuta zinazotosha kwa michoro bapa, lakini hufungwa saa kumi na moja jioni, muda ambao kijana anayefanya kibarua mchana ndipo anafika.

5. Mtihani

Alama thelathini kati ya mia ni za kulinganisha midomo ya mhusika na sauti, na maelekezo hutolewa kwa mdomo mwanzoni mwa mtihani. Hili nimelieleza katika barua zote tatu.

Ndugu Mwenyekiti, nimekaa chuoni kwenu vya kutosha kujua majibu yatakayotolewa, hivyo naomba niyajibu hapa.

Mtasema kiziwi hawezi kazi yenye sauti. Katuni za mwanzo kabisa, kama ile ya Émile Cohl iliyoonyeshwa Ufaransa mwaka 1908, zilitengenezwa bila sauti, na lugha yote ya kazi yetu ilianza kujengwa kipindi hicho cha ukimya. Hata leo, katika studio nyingi sauti ni ya mtu mwingine. Mchoraji hupewa karatasi inayoonyesha silabi ipi iko fremu ipi, na mawimbi ya sauti anayaona kwenye kioo kama vilima na mabonde. Mimi ninayesikia ninapolinganisha midomo huyatazama yale mawimbi kuliko ninavyosikiliza. Mnaweza kumpa kiziwi karatasi hiyo, au mkampa jaribio lenye ugumu ule ule: amfanye mhusika aseme sentensi tatu kwa LAT, vidole vitano, nyusi zikifanya kazi. Nataka kuwaona wanafunzi wangu wengine wakilifaulu hilo.

Mtasema hakuna bajeti ya mkalimani. Kwa darasa la saa tatu wanahitajika wawili, wapokezane kila baada ya dakika ishirini hadi thelathini, maana kazi ile inachosha akili na mikono. Ni gharama, sikatai. Lakini gharama ile haiongezeki wanafunzi wakiongezeka. Mkimchukua mmoja, mnawalipa wakalimani wawili kwa ajili ya mtu mmoja na mtalalamika kila muhula. Wachukueni wanane kwa mkupuo. Hata wao watakuwa na wenzao wa kuzungumza nao wakati wa chai. Sisi tunaosikia huwa tunausahau upweke wa kukaa miezi tisa katikati ya watu wanaocheka kitu usichokijua.

Mtasema kuna shule zao maalumu, waende huko. Hakuna shule maalumu ya moshen. Na sheria haiwaruhusu kusema hivyo. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 24 inataja elimu ya juu, mafunzo ya ufundi na elimu ya watu wazima, pasipo ubaguzi na kwa marekebisho yanayofaa. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Wenzetu Kenya, katika Katiba yao ya 2010, wameitaja Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mimi siombi mfike huko. Naomba ujumbe wa simu, taa ya mezani na watu wawili wa kufasiri.

Mtasema hata wakihitimu hawatapata kazi. Hili ndilo linaloniudhi, kwa kuwa linasemwa kwa sauti ya huruma. Kazi zipo. Tangu televisheni zilipoanza kuhamia dijiti mwishoni mwa 2012 vituo vimeongezeka, na kila kituo kinahitaji michoro. Ubongo, walioanzia hapa Dar es Salaam, wamekuwa wakirusha katuni za kufundishia watoto tangu 2014, na kazi yao imevuka mipaka. Sheria hiyo hiyo ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi ahakikishe watu wenye ulemavu wenye sifa hawapungui asilimia 3. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Vijana wachache wenye cheti chenu mkononi na kompyuta mbili wanaweza kuomba mkopo ule wakafungua studio. Bila cheti wanabaki "wanaojua kuchora kidogo", na mabango ya saluni.

Tena ipo kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya vizuri. Taarifa za afya, za uchaguzi, za mafuriko, za namna ya kuripoti ukatili, zote zinahitaji kufika kwa viziwi kwa lugha yao, na michoro mwendo ni njia inayofaa mno, kwa sababu inaweza kuonyesha bakteria, mwelekeo wa maji na mikono inayosema, vyote ndani ya fremu moja. Zikiendelea kutengenezwa na watu kama mimi wa miaka mitano iliyopita, zitaendelea kuwa na dada mwenye kilemba anayetabasamu juu ya vifo kwa mkono usio na kidole cha kusemea. Katuni ile ya kwanza ingerushwa. Mteja alikuwa ameshaipitisha. Hakuna mtu katika mnyororo wote ule, kuanzia kwangu hadi kwa aliyesaini malipo, aliyekuwa na macho ya kuona kosa. Nikisema chuo kinawahitaji viziwi nina maana hiyo hasa.

Ninachoomba kinaweza kufanyika bila kusubiri mwaka wa fedha ujao, isipokuwa wakalimani.

Kuanzia dirisha lijalo la udahili, kila mwombaji aitwe kwa ujumbe wa maandishi, awe kiziwi au asikie, na apewe siku tatu za kujibu. Usaili wa kozi ya michoro mwendo uwe wa daftari na jaribio la kuchora la saa moja, na chuo ndicho kilete mkalimani. Maabara ibaki wazi hadi saa mbili usiku, angalau siku tatu kwa wiki. Muhula ujao somo la kwanza lifundishwe kwa programu za bure, na nakala za wizi ziondolewe kwenye kompyuta za chuo. Video za kujifunzia ziandikwe maneno chini kwa Kiswahili. Wanafunzi wenyewe wanaweza kupewa kazi hiyo wakapata na alama.

Kwa muhula wa mwezi wa tisa naomba kundi la viziwi wanane, wakalimani wawili, na mwalimu msaidizi mmoja ambaye ni kiziwi. Huyo wa mwisho msimwone kama nyongeza ya hiari. Mwanafunzi kiziwi ambaye hajawahi kumwona kiziwi mwenzake mbele ya darasa anaamini kwamba mbele ya darasa si pake. Mkae na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kabla ya kuandika mpango wowote, wala msiwaite siku ya uzinduzi ili wapigwe picha. Mimi nitafundisha muhula huo bila malipo, na maandalizi yote ya zile Jumamosi kumi na mbili, pamoja na video za alama tulizozitunga, tutawakabidhi. Vijana wameshakubali, kwa sharti kwamba majina yao yaandikwe kama watunzi.

Kama mnaona mojawapo ya haya haliwezekani, naomba niambiwe kwa maandishi ni lipi na kwa nini, ndani ya siku thelathini. Nitalichapisha jibu lenu kamili, bila kukata neno.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, nitafika ofisi ya taaluma pamoja na wale vijana sita na mkalimani ambaye tumemlipa wenyewe. Wanakuja na madaftari yao. Naomba safari hii awepo mtu wa kuyafungua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Aliyekuwa mwalimu wa muda, kozi ya michoro mwendo
Dar es Salaam

Nakala: Mkuu wa Idara, Serikali ya Wanafunzi, wazazi wa vijana sita waliotajwa